Marehemu Celina Kombani na Muswada wa Katiba wa 2011

Mtu avukaye mto Kilombero kutoka Ifakara kuelekea Mahenge huingia Ulanga. Huko ndiko lilikokuwa jimbo la Ulanga Mashariki, ambalo marehemu Celina Kombani aliliwakilisha tangu 2005 hadi kifo chake. Apimaye kazi ya mbunge wa Tanzania hukutana na kikwazo: miswada mingi hupitishwa kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", hivyo Taarifa Rasmi za Bunge hazionyeshi kura ya kila mmoja. Yatupasa basi kutazama alichokileta Bungeni. Aprili 2011, akiwa Waziri wa Katiba na Sheria, alileta muswada wa utaratibu wa kupata Katiba mpya, nao (ajabu!) uliandikwa kwa Kiingereza. Wananchi waliupinga vikali katika vikao vya maoni, nami naona walikuwa na haki: mkulima wa mpunga wa Lupiro angeridhiaje asichoweza kukisoma? Muswada ukaahirishwa. Novemba ulirudi kwa Kiswahili. Wabunge wa CHADEMA wakatoka ukumbini, waliobaki wakaupitisha. Kwa sheria hiyo Tume ya Jaji Warioba iliundwa 2012. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Septemba mwaka huo Kombani alifariki.