Wapigaji chipukizi wa besiboli kutoka Afrika ya Mashariki

Wapigaji chipukizi wa besiboli ni wachezaji vijana wanaolelewa katika ligi ndogo za Marekani ili baadaye wapige katika Ligi Kuu ya nchi hiyo (MLB). Vijana wa Afrika ya Mashariki walioingia katika mfumo huo wametoka hasa Uganda, tangu mwaka 2022, na wengi wao walisajiliwa kama warushaji wa mpira. Wapigaji ni wachache. Sababu yake inahusu zaidi namna mpigaji anavyotengenezwa kuliko nguvu au akili ya vijana wenyewe.

Mchezo kwa kifupi

Timu mbili za wachezaji tisa hupokezana kupiga na kulinda uwanja. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani na kumrushia mpigaji mpira. Mpigaji akiugonga kwa gongo lake na mpira ukaanguka bila kudakwa, hukimbilia kituo cha kwanza, na akizunguka vituo vyote vinne timu yake hupata pointi. Akikosa mara tatu anatolewa. Mrushaji naye akirusha mipira minne nje ya eneo halali, na mpigaji akajizuia kuifuata, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye hupokea mipira isiyopigwa.

Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Katika muda huo inampasa kuuona, kukisia kama utanyooka au utapinda, kuamua, na kuzungusha gongo. Ndiyo maana mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika zamu kumi huhesabiwa kuwa bora sana. Wastani wake huandikwa 0.300. Mwanafunzi mwenye alama 30 kati ya 100 angeitwa ofisini, lakini katika besiboli anayedumu na wastani huo kwa miaka mingi hulipwa mamilioni ya dola.

Mfumo wa mashamba

Wamarekani huziita timu za ligi ndogo "mashamba". Utaratibu huo ulijengwa na Branch Rickey, kiongozi wa St. Louis Cardinals, katika miaka ya 1920. Timu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri kununua wachezaji waliokwisha kuiva, hivyo Rickey akaanza kumiliki timu za miji midogo na kuwakuza wachezaji humo. Kwa msomaji wa Rungwe, neno linalofaa zaidi pengine ni kitalu. Mche wa chai hauendi shambani moja kwa moja. Hulelewa kwanza kitaluni chini ya kivuli, na si kila mche hutoka.

Rickey alipohamia Brooklyn Dodgers alimsajili Jackie Robinson, lakini hakumpeleka Brooklyn mara moja. Mwaka 1946 Robinson alichezea Montreal Royals, timu ya ligi ndogo, akaongoza ligi hiyo kwa wastani wa 0.349. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Dodgers na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia Wamarekani weusi nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60.

Leo MLB ina timu 30, na tangu mwaka 2021 kila moja ina timu nne za msimu mrefu katika ngazi za A, A ya juu, AA na AAA, yaani timu 120 kwa jumla. Chini yake kuna ligi za mafunzo huko Florida na Arizona, na chini zaidi ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako timu zote 30 zina vyuo vyao. Kijana wa nje ya Marekani anaweza kusajiliwa akiwa na miaka 16, na dirisha la usajili hufunguliwa tarehe 15 Januari. Vijana wengi wa Kiafrika huanzia Dominika.

Malipo ya ngazi za chini yalikuwa duni kwa muda mrefu. Mkataba wa kwanza wa pamoja kati ya MLB na chama cha wachezaji kwa ajili ya ligi ndogo, wa mwaka 2023, ulipandisha kima cha chini katika ligi za mafunzo kutoka dola 4,800 hadi 19,800 kwa mwaka, na katika AAA hadi dola 35,800. Wachezaji wa ligi ya Dominika hawakuingizwa katika mkataba huo.

Jinsi mpigaji anavyopimwa

Wasaka vipaji humpa mchezaji alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni kiwango cha kawaida cha ligi kuu. Hupima mambo matano: kugonga mpira, nguvu ya pigo, mbio, ulinzi wa uwanja, na mkono wa kurusha. Matatu ya mwisho yanaonekana haraka. Mbio hupimwa kwa saa na mkono hupimwa kwa rada. Kugonga hakupimwi hivyo. Kijana anaweza kupeleka mbali sana mipira ya mazoezi inayorushwa polepole, kisha akashindwa kabisa mbele ya mrushaji anayebadilisha kasi na mwelekeo.

Kwa sababu hiyo makocha wa vitalu hawatazami wastani peke yake. Hutazama pia mpigaji amekosa mara ngapi, amejizuia mara ngapi na kupewa kituo bure, na mpira huondoka kwa kasi gani anapougonga. Umri nao una uzito mkubwa. Kijana wa miaka 19 mwenye wastani wa 0.250 katika ngazi ya AA hutazamwa kwa matumaini makubwa kuliko mwenye miaka 25 na wastani wa 0.300 katika ngazi hiyo hiyo, maana yule mdogo anapambana na watu waliomzidi kukomaa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mtu aliyeshindwa. Mwaka 1994 Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu wa Chicago Bulls, alijiunga na Birmingham Barons ya ngazi ya AA akiwa na miaka 31. Hakuwa amecheza besiboli ya mashindano tangu sekondari. Alikuwa miongoni mwa wanamichezo bora duniani kwa mbio, nguvu na nidhamu, tena alifanya mazoezi kwa bidii. Katika mechi 127 alipata wastani wa 0.202 na kutolewa kwa kukosa mara 114. Mwili ulikuwepo. Hakuwa ameiona mipira ya kutosha katika miaka ambayo jicho hujifunza.

Uganda

Uganda ndiyo nchi ya Afrika ya Mashariki iliyofika mbali zaidi katika mchezo huu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini ilinyimwa viza na haikusafiri. Timu ya Kanada iliyokuwa icheze nayo ilifunga safari hadi Uganda mwezi Januari 2012 ili mechi ile ichezwe. Mwaka 2012 timu nyingine, kutoka Lugazi, ilifuzu na kupata viza. Ilipoteza mechi zake za mwanzo, kisha ikaishinda timu ya Oregon 3–2. Uganda ilirudi Williamsport mwaka 2015.

Sehemu kubwa ya msingi huo ilijengwa kwa msaada wa Mmarekani Richard Stanley, aliyejenga shule na viwanja vya besiboli nje ya Kampala. Hapo vijana waliweza kucheza na kusoma mahali pamoja.

Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers ilisajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote ni warushaji. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates ilimsajili David Matoma, ambaye pia ni mrushaji, mwenye kasi inayozidi kilomita 153 kwa saa. Timu hiyo hiyo ilimchukua Armstrong Muhoozi, ambaye si mrushaji bali mchezaji wa uwanjani, na kwa hiyo maendeleo yake yanategemea gongo.

Aliyejulikana zaidi duniani ni Dennis Kasumba, mdakaji. Ni yatima aliyelelewa na bibi yake. Video za mazoezi yake, akichuchumaa huku amebeba tairi au akitumia vifaa vya kuokota, zilitazamwa na watu wengi mno. Baada ya kukataliwa viza zaidi ya mara moja, mwaka 2023 alifika Marekani na kujiunga na Frederick Keys ya Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu za MLB. Alicheza mara chache na hakuchaguliwa. Video zilionyesha vizuri wepesi na moyo wake. Zisichoweza kuonyesha ni mipira mingapi ya kasi amewahi kukabiliana nayo akiwa na gongo mkononi.

Kwa nini warushaji hutangulia

Mrushaji anahitaji mkono, mpira mmoja na ukuta. Akirusha kwa kasi kubwa, rada husema hivyo siku hiyo hiyo, awe Kampala au Texas, na timu inaweza kumfundisha mengine baadaye. Watoto wa Afrika ya Mashariki wana michezo mingi ya kurusha. Rede, ambayo wasichana wa Tanzania hucheza shuleni, hunoa shabaha ya mrushaji na wepesi wa anayekwepa. Hakuna anayeshika gongo.

Mpigaji anahitaji mtu mwingine aliye hodari wa kumrushia. Hapo ndipo ugumu ulipo: mahali penye warushaji wazuri wachache, mpigaji hawezi kukua zaidi ya wale anaokutana nao. Mchezaji wa kudumu katika timu ya msimu mrefu ya ligi ndogo hupata karibu zamu 500 za kupiga kwa mwaka, maana timu hizo hucheza mechi kati ya 132 na 150. Kijana wa Uganda anayefika Dominika akiwa na miaka 17 huanza katika ligi yenye mechi zisizozidi 60, tena akishindana na wenyeji waliokwisha kukutana na mipira ya kasi tangu utotoni.

Si suala la fedha tu. Watoto maskini wa Jamhuri ya Dominika hucheza mchezo wa mitaani ambao mpira wake ni kifuniko kipana cha chupa na gongo lake ni mti wa ufagio. Kifuniko hupinda hewani kuliko mpira wowote, na mtoto hukipiga mamia ya mara kwa siku bila kocha wala kiwanja. Kwa hiyo madai kwamba Afrika inakosa wapigaji kwa sababu ya umaskini yanaeleza nusu tu ya jambo. Kinachokosekana zaidi ni mazoea hayo ya kila siku.

Mwafrika wa kwanza kufika MLB, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, anaonyesha hilo hilo. Alikulia katika nyumba ya klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, hivyo mchezo ulikuwa mlangoni kwake. Pittsburgh Pirates ilimsajili mwaka 2008. Alipanda ngazi polepole, akisifiwa kwa ulinzi wake huku gongo likimchelewesha, hadi tarehe 26 Aprili 2017 alipocheza dhidi ya Chicago Cubs na kufanikiwa katika zamu yake ya kwanza kabisa mbele ya mrushaji Jon Lester. Katika mechi zake zote za MLB wastani wake haukufika 0.200. Hata hivyo alikuwa ametimiza jambo ambalo hakuna Mwafrika aliyelifanya kabla yake.

Tanzania

Tanzania haijapata mpigaji katika vitalu vya MLB. Besiboli ilianza kupangwa upya nchini kuanzia mwaka 2012 kwa juhudi za Wajapani, hasa Shinya Tomonari, aliyewahi kufanya kazi katika shirika la JICA na kueneza mchezo huu Ghana kabla ya Tanzania. Kiwanja cha besiboli kilijengwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani, na mashindano ya taifa yakapewa jina la Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924 ambako shule za sekondari hushindania ubingwa. Mtindo wa Kijapani hutilia mkazo nidhamu, heshima na kucheza pamoja. Haukulengwa kuuza wachezaji Marekani, na pengine ndiyo maana msaka vipaji wa MLB huenda Kampala kwanza.

Katika nyanda za juu kusini mpira wa miguu ndio unaotawala. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, kisha baadhi ya wachezaji wake wakaenda kwenye klabu kubwa za Dar es Salaam. Kwa namna fulani Tukuyu ilifanya kazi ya kitalu. Tofauti ni kwamba timu ya ligi ndogo ya Marekani hulipiwa wachezaji na makocha wake na timu kubwa inayowangojea, na mchezaji akipanda, mwingine huletwa mahali pake.

Kwa Rungwe yenyewe kuna kizuizi kingine, cha hali ya hewa. Besiboli husimamishwa mvua ikinyesha, kwa kuwa mpira uliolowa huteleza mkononi mwa mrushaji na kuwa hatari kwa mpigaji, na udongo wa kuzunguka vituo hugeuka tope. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo miezi ya kucheza bila kukatizwa ni ile ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba.