MAGARI YALIYODUMU NA WATU WALIOYADUMISHA

Katika kila mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, baada ya kuulizana habari za walimu waliostaafu na za wenzetu waliotutangulia mbele ya haki, mazungumzo huhamia kwenye magari. Mmoja ataisifu Peugeot 404 yake, ambayo yeye na jirani zake wote waliiita "Pijo". Mwingine atasema tangu Land Rover izaliwe hakuna gari jingine lililozaliwa. Wa tatu, aliyekuwa na Volkswagen, atanyamaza akitabasamu, kwa kuwa anajua kwamba yeye ndiye aliyetumia petroli kidogo kuliko wote. Vijana walioko shuleni hutusikiliza kwa adabu, lakini machoni mwao mna swali: je, magari hayo yalikuwa bora kweli, au wazee wanausifu ujana wao?

Swali hilo ni la haki, tena ni swali la historia. Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kutazama mambo matatu: barabara zilizoyajaribu magari hayo, namna yalivyoundwa, na watu walioyatunza. Hapana budi kuyatazama yote matatu pamoja, maana sifa nyingi tunazoyapa magari hustahili kupewa watu.

BARABARA ILIKUWA MTIHANI

Katika miaka ya 1950 na 1960 lami ilikuwa jambo la mijini na la vipande vichache vya barabara kuu. Kwingineko kote kulikuwa na udongo. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani uligeuka gundi, na lori lililozama asubuhi liliweza kulala papo hapo siku tatu. Wakati wa kiangazi kulikuwa na vumbi laini lililopenya hata ndani ya saa ya mkononi, pamoja na mikunjo ya barabara iliyofanana na bati la paa. Mikunjo hiyo ililegeza kila nati na kupasua kila chuma dhaifu. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara laini za Ulaya lilipofika huku lilianza masomo upya.

Mwaka 1953 mtihani huo ulipewa ratiba. Ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo baadaye yakajulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, na yalikuwa magari ya kawaida, yale yale ambayo karani au mwenye duka angeweza kuyanunua. Kwa hiyo watu waliosimama kando ya njia, huko Usambara au kwenye miinuko ya Mbulu, walikuwa watazamaji na wakaguzi kwa pamoja. Waliangalia gari lipi linapita likiwa zima na lipi linavutwa kwa kamba.

Majibu ya mtihani yalikuwa wazi. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, ikarudia mwaka 1957 na tena mwaka 1962. Mwaka 1963 mvua iliyageuza mashindano kuwa vita. Magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: yaliondoka 93, yakamaliza 7, na mshindi alikuwa Nowicki na Cliff kwa Peugeot 404. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1966 na 1967, 404 ilishinda mara mbili mfululizo mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa Tanzania. Baadaye 504 ikaongeza ushindi wa mwaka 1975 na 1978. Basi mtu akisema Pijo ilikuwa gari la barabara zetu, ana ushahidi wa kutosha.

Ushindi wenye fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, ni ule wa mwaka 1965. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant wakiwa katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Magari mapya ya makampuni makubwa yalikwama, na gari kuukuu la fundi likafika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na katika mara 22 alizoshiriki alimaliza mara 19. Watu walimsifu kwa mwendo wake, lakini hesabu hiyo ya 19 kwa 22 inaonyesha jambo jingine: alijua chuma kinavumilia nini, na akakiacha kabla hakijavunjika.

VYUMA VYENYEWE

Sasa tufungue boneti. Magari hayo yalikuwa na siri gani?

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover waliunda bodi yake kwa alumini iliyochanganywa, kwa sababu baada ya vita chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa kikigawanywa kwa mgawo nchini Uingereza. Dhiki hiyo ikawa baraka kwetu, maana alumini haili kutu kama chuma. Mbavu zake zilikuwa bapa, hivyo ikigonga mti fundi aliweza kuinyoosha kwa nyundo na gogo. Lakini tusiwe mashabiki tu. Chasisi ya Land Rover ni ya chuma, na pwani iliozea chini ya bodi iliyong'aa. Shafti zake za nyuma zilijulikana kwa kukatika, kiasi kwamba madereva wenye busara walisafiri na ya akiba. Ubora wake ni kwamba shafti hiyo ilichomolewa porini kwa spana chache, bila kuinua gari.

Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, ilikuwa na injini yenye laina zinazochomolewa. Silinda zikilika baada ya miaka mingi, fundi hakuitupa injini wala kuipeleka kiwandani ikachongwe. Alitoa laina na pistoni za zamani, akatia mpya, na gari likaanza maisha ya pili. Ilikuwa pia na tundu la kuingizia hendeli mbele. Betri ikifa, mwenye gari alizungusha kwa mkono akaendelea na safari. Volkswagen nayo haikuwa na rejeta kabisa, kwa kuwa injini yake ilipozwa kwa hewa. Isiyo na rejeta haichemshi maji, na isiyo na maji haiombi maji mahali ambapo hata mifugo inayakosa.

Ukiyaweka magari hayo matatu pamoja utaona kwamba hakuna hata moja ambalo halikuharibika. Yote yaliharibika. Tofauti yake ni kwamba yaliharibika kwa namna ambayo mtu mwenye spana, akili na subira aliweza kuiona, kuielewa na kuitengeneza.

MIAKA YA KUWEKA MAGARI JUU YA MAWE

Mtihani mkubwa kuliko wa masika ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni. Vipuri vikaadimika. Kuna wakati magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Wengi wetu tunakumbuka magari yaliyowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, yakingoja tairi ambazo hazikuja.

Hapo ndipo fundi wa chini ya mwembe alipopata shahada yake. Gari moja lilikamuliwa ili mawili yaishi. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Mpira wa tairi kuukuu ulichongwa ukawa bushi. Oili iliyomwagwa haikutupwa, ilipakwa chini ya chasisi kuzuia kutu. Hakuna kiwanda kilichofundisha mambo hayo. Yalibuniwa na vijana ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kuketi katika madarasa kama yetu. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vipuri vilianza kuonekana tena. Yale magari yaliyokutwa bado yakitembea yalikuwa yameokolewa na mikono hiyo.

MWENYE GARI

Yuko pia mtu wa tatu, naye ni mwenye gari. Mifano miwili ya mbali itatusaidia.

Nchini Marekani mwalimu wa sayansi aliyeitwa Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966. Injini yake ilikuwa ya ukoo ule ule wa injini ya Volvo aliyoshindia Joginder mwaka mmoja kabla. Mwaka 2013 gari hilo lilitimiza maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8, likiwa bado mikononi mwake. Alipoulizwa siri, hakuwa na uchawi wa kueleza. Alisoma kitabu cha gari, akamwaga oili kwa wakati, akasikiliza kila mlio mgeni. Nchini Ugiriki dereva wa teksi, Gregorios Sachinidis, alinunua Mercedes 240D ya mwaka 1976 iliyokwisha kutumika. Mwaka 2004 alilikabidhi gari hilo kwa jumba la makumbusho la Mercedes likiwa limetembea kilomita milioni 4.6. Aliibadilishia injini mara kadhaa, maana alijua kwamba injini ina umri wake kama kitu kingine chochote.

Wote wawili walifanya jambo ambalo kila mwanafunzi anaweza kulifanya: waliweka kumbukumbu, na hawakungoja kitu kivunjike ndipo wakitazame. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

UPANDE WA PILI

Ingekuwa si uaminifu kuishia kwenye sifa. Baadhi ya magari yaliyodumu yalidumu kupita kiasi. Pijo ya kubebea watu saba ilibeba kumi na wawili. Breki zilifungwa kwa waya, usukani ukalegea, na abiria wakalipa kwa maisha yao. Magari hayo ya zamani hayakuwa na mikanda kwa viti vyote, na usukani wake katika ajali ulikuwa mkuki unaoelekea kifuani. Gari la kisasa, hata lile dogo lililotumika Japani kwanza, humlinda mtu vizuri zaidi linapogonga. Kwa hiyo kijana asidanganywe kwamba cha kale chote ni dhahabu. Kudumu kwa gari ni sifa ikiwa tu watu waliomo ndani nao wanadumu.

Kilichopungua ni kitu kingine. Magari ya leo yana vifaa vya elektroniki vilivyofungwa, na fundi asiye na kompyuta ya kuyasoma hubaki kubahatisha. Kifaa hakitengenezwi tena, hubadilishwa kizima. Taratibu tunazoea kutupa, na anayezoea kutupa husahau kuuliza kwa nini kitu kimeharibika. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya gari.

LAND ROVER YA SHULE

Nimeandika haya yote kwa sababu liko jambo mezani. Land Rover ya shule, ile ndefu ya inchi 109 iliyobeba wagonjwa, mahindi, timu za mpira na pengine nusu ya wasomaji wa gazeti hili, imesimama nyuma ya karakana kwa miaka mingi. Limetolewa pendekezo iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wengine wamependekeza ipakwe rangi na kuwekwa langoni kama ukumbusho.

Naomba tusifanye hilo wala lile. Fedha za chakavu zitaliwa kwa wiki moja, na sanamu ya langoni itafundisha watoto kupiga picha tu. Ipelekwe ndani ya karakana, juu ya mawe imara, na wanafunzi waifungue nati moja baada ya nyingine. Waone pistoni kwa macho, wapime walichosoma katika fizikia, waandike kila walichokitoa na kila walichokirudisha. Miongoni mwetu wamo mafundi na wahandisi waliostaafu ambao wana muda, na masanduku yao ya spana yanashika vumbi. Waje Jumamosi mbili kwa mwezi. Ikitembea tena, tutapiga vigelegele. Isipotembea, vijana arobaini watakuwa wamejifunza kwa nini haikutembea, na elimu hiyo watakwenda nayo kokote watakakokuwa.

Kamati itapokea maoni kabla ya mkutano ujao. Ndugu wasomaji, tuandike.