Tairi Kuliwa Upande: Mwinamo na Mwelekeo

Mnamo mwaka 1958 jimbo la California, Marekani, lilianza kutekeleza sheria iliyokataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa rimu. Vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wamezoea kukata springi ili magari yao yakaribie ardhi. Mwaka 1959 Ron Aguirre akaikwepa sheria hiyo kwa kufunga haidroli iliyopandisha na kushusha gari apendavyo.

Sheria ilipima kimo tu. Gari lishushwapo, vyuma vinavyoshika magurudumu hubadili pembe, na mara nyingi tairi huliwa upande wa ndani.

Mafundi wetu husema “tairi inaliwa”, na tiba yake ni “alaimenti”. Usemi huo watosha gereji, lakini umeficha mambo mawili. Gurudumu huweza kulalia ndani upande wa juu: twapendekeza huo uitwe mwinamo. Tena huweza kutazama kando badala ya mbele: huo ni mwelekeo, nao ndio ulao tairi upesi zaidi, maana mpira huburutwa huku ukibingirika. Fundi mwenye neno moja hurekebisha pembe moja, na mteja hununua tairi nyingine.