Siku za sayansi ya vitendo na uhaba wa maabara

Kwa mwanafunzi wa mtaa wa Landless, viungani mwa mji wa Thika, sayansi ya vitendo huenda ikaanzia katika darasa lisilo na maabara. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza mwaka wa 2023, sekondari msingi imekuwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazikujengewa maabara.

Hapo ndipo siku za majaribio hupata uzito. Petali za maua mekundu hupondwa katika maji moto na kuchujwa. Maji hayo hubadilika rangi yakitiwa ndimu, ambayo ni asidi, na kupata rangi nyingine yakitiwa maji ya majivu, ambayo ni besi. (Mwalimu ayajaribu kwanza, kwani si kila ua hufaa.) Mtindo huo wa kutumia vifaa vya mazingira ulienezwa na mradi wa SMASSE, ulioanzishwa na Kenya na Japani mwaka wa 1998.

Jukwaa kuu ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi (KSEF), yaliyorithi Kongamano la Sayansi. Miradi huanzia shuleni hadi ngazi ya kitaifa, nao waamuzi humhoji mwanafunzi mbele ya kazi yake. Mradi uliofanywa na mwalimu hujulikana upesi.