Ntare wa Tano na barua ya Micombero

Wandugu balicencié na bastudenti, sisi wa Kapata tukisikia neno udikteta tunawaza Mobutu tu. Leo naleta hadithi ya Mwami wa Burundi, lakini nayo inapitia kwetu Kinshasa.

Mu Julai 1966, Charles Ndizeye alikuwa kijana wa miaka 18. Baba yake, Mwami Mwambutsa wa Nne, alikuwa anakaa Ulaya. Basoda wakamsaidia kijana kumwondoa baba, na mu Septemba akavikwa taji kwa jina la Ntare wa Tano. Waziri mkuu wake alikuwa kapiteni Michel Micombero. Basoda waliomweka njo walibaki na bunduki.

Novemba ileile, Ntare akaenda Kinshasa kwa sikukuu ya mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu. Tarehe 28, akiwa angali kwetu, Micombero akatangaza jamhuri, yeye mwenyewe rais. Mwami akaishia uhamishoni, Ujerumani Magharibi.

Juu ya nini Micombero aliendelea kumwogopa mtu asiye na jeshi? Mimi naona ni juu ya ufalme: ulikuwa na heshima ya kurithi, na kudeta haileti heshima hiyo.

Machi 1972, Ntare akafika Uganda kwa Idi Amin. Micombero akamwandikia Amin barua: arudi tu, ataishi kama raia wa kawaida, usalama wake utalindwa. Amin akamtoa. Kufika Bujumbura akakamatwa, akapelekwa Gitega, akashitakiwa kwamba alitaka kuvamia inchi na mamluki. Tarehe 29 Aprili uasi ukalipuka, na usiku ule Ntare akauawa. Alikuwa na miaka 24. Miezi iliyofuata, jeshi likaua Wahutu zaidi ya laki moja, na wasomi na wanafunzi njo walitafutwa sana. Mobutu naye alimtumia Micombero basoda wa kumsaidia.

Kwangu somo ni moja. Barua ya ahadi ina nguvu kama kuna mahakama ya kumwita aliyeisaini. Ile haikuwa na mahakama. Ilikuwa na madikteta wawili, na uhai wa mtu katikati.

Nyinyi munaonaje: Amin alidanganywa, ao alimtoa akijua?