Makarani wa 1922

Watu wakisikia kwamba mimi ni mlezi wa kikundi cha wanafunzi wanaosaidiana shuleni, huuliza mfadhili ni nani. Hayupo. Tunatandika mkeka chini ya mwembe kila Alhamisi baada ya vipindi. Na jambo lenyewe si geni hapa Tanga.

Mwaka 1922, katika mji huuhuu, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Historia hukitaja kwa sababu ya yaliyofuata: African Association mwaka 1929, kisha TANU mwaka 1954. Kinachonivuta mimi ni mwanzo wake. Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, alikuwa Mkristo wa misheni ya UMCA, na Wajerumani walimweka kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa makarani wa Tanga walikuwamo Waislamu waliosomeshwa na Wajerumani haohao, katika shule ya serikali iliyofunguliwa mjini miaka ya 1890. Sasa walikuwa chini ya Mwingereza mmoja, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya makarani Wahindi.

Chama kiliwapa pa kukutana, kucheza mpira na kusoma. Hakuna aliyetakiwa abadili dini ndipo aaminiwe. Naamini kuzoeana ndiko kulikofanya kazi kubwa.

Hilo ndilo nimelishika. Wanafunzi wangu wengi wametoka vijijini, wamepanga geto karibu na shule, wanajipikia wenyewe. Mmoja akiugua usiku, wa kwanza kujua ni mwenzake wa chumba cha pili, si mwalimu. Kwa hiyo hatuanzi na siri za mtu. Tunaanza na hesabu, unga uliokwisha, na nani hajaonekana siku tatu. Siri huja baadaye, na kwa zile nzito tumekubaliana mapema: lazima zimfikie mtu mzima. Mtoto wa miaka 15 habebeshwi peke yake maisha ya mwenzake.

Chama cha Kayamba kilikuwa na mlango mwembamba: sharti uwe mtumishi wa serikali. African Association iliupanua. Shule zetu nazo zilikuwa na mlango wao. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alipoteza nafasi yake katika shule ya serikali. Sasa anaruhusiwa kurudi akishajifungua. Ila ruhusa hutoka wizarani, na kuchekwa hutoka dawati la nyuma.

Muhula uliopita alirudi mmoja. Tulibishana Alhamisi mbili. Wavulana wawili walisema atatuharibia jina. Alhamisi ya tatu alikuja mwenyewe, na msichana wa Kidato cha Pili akamsogelea, akampa nafasi kwenye mkeka. Siku hizi yeye ndiye anayeandika mahudhurio.