Uchimbaji wa sarafu za kidijitali na soko la kadi za michoro

Uchimbaji wa sarafu za kidijitali ni kazi ya kutumia kompyuta kuthibitisha miamala ya sarafu kama vile Bitcoin na kulipwa kwa sarafu mpya. Kwa kuwa kazi hiyo iliwahi kufanywa kwa wingi kwa kadi za michoro, ambazo hutengenezwa hasa kwa ajili ya michezo ya video, uchimbaji ulivuruga bei ya kadi hizo katika vipindi vitatu: 2013–2014, 2017–2018 na 2020–2022. Uliathiri pia wakati ambapo kampuni za Marekani, Nvidia na AMD, zilitoa matoleo mapya.

Sababu

Kadi ya michoro hufanya hesabu nyingi za aina moja kwa wakati mmoja, na uchimbaji unahitaji hesabu za namna hiyo. Wachimbaji wa Bitcoin waliachana na kadi hizo mapema, maana kufikia 2013 zilikuwepo mashine zenye chipu za kazi hiyo tu. Ethereum, iliyoanza Julai 2015, iliundwa makusudi kwa hesabu inayodai kumbukumbu nyingi, ili mashine hizo zisitawale. Kadi ya michoro ikabaki chombo kinachofaa.

Kwa mcheza michezo kadi ni matumizi, lakini kwa mchimbaji ni mtaji. Tuseme kadi inauzwa dola 700 na, baada ya kulipia umeme, inaingiza dola 7 kwa siku: fedha zimerudi baada ya siku 100. Faida ikifika dola 14 kwa siku, mchimbaji anaweza kulipa dola 1,400 na bado zikarudi katika muda uleule. Ndiyo maana bei ya kadi dukani ilifuata bei ya sarafu.

Kupanda kwa bei

Radeon R9 290X ya AMD ilitoka Oktoba 2013 kwa bei elekezi ya dola 549. Miezi michache baadaye maduka ya Marekani yaliiuza kwa zaidi ya dola 700, kwa sababu ya wachimbaji wa Litecoin. Mwaka 2017 zamu ilikuwa ya Radeon RX 580 na GeForce GTX 1060 na 1070.

Kipindi cha tatu kilikuwa kikali zaidi. RTX 3080 ilitoka Septemba 2020 kwa dola 699, na mwanzoni mwa 2021 walanguzi waliiuza kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Wachimbaji hawakuwa sababu pekee: janga la UVIKO-19 liliongeza mahitaji ya kompyuta za nyumbani, na chipu zilikuwa adimu duniani kote. Februari 2021 Nvidia ilitoa RTX 3060 yenye kizuizi kilichopunguza kwa takriban nusu kasi yake ya kuchimba Ethereum. Mwezi uliofuata programu ya majaribio ya Nvidia yenyewe iliondoa kizuizi hicho kwa bahati mbaya.

Kushuka kwa bei na matoleo mapya

Athari kwa ratiba ya matoleo huonekana zaidi sarafu zinaposhuka. Wachimbaji huacha kununua, tena huuza kadi zao kwa bei ya mtumba, wakati maghala bado yamejaa mzigo ulioagizwa siku za neema. Toleo jipya la bei nafuu likitoka hapo, mzigo wa zamani haununuliwi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Kadi za RTX 20 zilianza kutoka Septemba, lakini za bei ya juu tu. Novemba Nvidia ilikiri kuwa kadi za kati za kizazi cha GTX 10 zimerundikana kwa wauzaji, na hisa zake zikaanguka. RTX 2060 ilifika Januari 2019.

Hali hiyo ilijirudia baada ya Ethereum kuacha kabisa uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Siku tano baadaye Nvidia ilitangaza RTX 40, ikianza na RTX 4090 ya dola 1,599, huku kadi za RTX 30 zikiendelea kuuzwa chini yake. RTX 4060 ya dola 299 ilisubiri hadi Juni 2023.

Wawekezaji nao waliguswa. Mei 2022 Nvidia ilikubali kulipa dola milioni 5.5 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, iliyodai kwamba kampuni haikueleza ipasavyo jinsi uchimbaji ulivyokuza mauzo yake ya kadi za michezo katika mwaka wa fedha 2018.